Bei ya Siku na Bei ya Safari

Leo nataka tuzungumze juu ya gari la kukodi la kutupeleka kaskazini: Maralal, Loiyangalani, Marsabit, Lodwar. Nazungumza na mtu wa Nakuru mjini, wa Njoro, wa Molo, wa Gilgil, na wa Marigat kule chini. Ni mtu mwenye kazi yake na watoto wake, aliyeweka kidogo kidogo mwaka mzima ili familia ilione Ziwa Turkana kwa macho yao, na kila akiulizia gari anatajiwa bei inayomfanya aahirishe tena.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito, na sababu yangu ni ya kihistoria. Wakati wa ukoloni, eneo lote lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilikuwa limefungwa. Huingii bila kibali, hutoki bila kibali, na sheria ya mwaka 1934 ilizidi kukaza kamba. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwanza kule kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara zilizokuwapo tayari. Matokeo yake tunayajua. Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo, na ndugu zetu wa Marsabit na Moyale walipopanda lori kuja huku kusini walisema wanaenda Kenya. Watoto wetu wamekua wakijua njia ya Mombasa kuliko njia ya Maralal, na Maralal iko karibu zaidi.

Siku hizi kibali hakuna. Kinachomzuia mtu wa kawaida ni bei ya gari, na bei hiyo naamini inaweza kushuka sana ikiwa tutaanza hesabu mahali pake.

Wengi wetu tukimpigia simu mwenye gari, swali la kwanza ni hili: siku moja ni ngapi? Ni swali la haki, lakini limekuja mapema. Kabla yake kuna swali la barabara. Gari linakodiwa kwa barabara litakayopita, na barabara za kaskazini zimebadilika kuliko jinsi tunavyozisimulia. Bado tunazungumza kana kwamba ukivuka Rumuruti tu basi unahitaji Land Cruiser, matairi mawili ya spea na mitungi ya maji juu ya paa. Wenye magari hawana haraka ya kutusahihisha, kwa sababu Prado inaingiza pesa kuliko Fielder.

Tuanze na Maralal. Kutoka Nakuru unapanda Subukia, unavuka Ikweta kabla ya kuingia Nyahururu, unashuka Rumuruti, kisha unashika ile barabara iliyokuwa ikivunja magari na migongo ya watu. Sasa ina lami. Jumla ni kama kilomita 220, na gari dogo lenye matairi mazuri linazimaliza bila kulalamika. Ukifika Maralal umeshaingia Samburu. Utalala kwenye baridi ya mlima, utaona pundamilia wakila nyasi pembeni mwa mji, na utaingia katika ile nyumba ambamo Jomo Kenyatta alikaa kizuizini mwaka 1961, kuanzia Aprili hadi Agosti alipoachiliwa. Siku ya pili unaweza kwenda Malaso, kwenye ukingo wa Losiolo, ambapo ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa linafunguka chini yako mpaka macho yanachoka. Kipande cha mwisho cha kwenda Malaso ni kibaya. Hapo kodi gari la pale pale kwa nusu siku na uache lako mjini. Hii ni safari ya siku mbili au tatu. Familia ya watu wanne inaweza kuifanya kwa Axio, na kama hujawahi kwenda kaskazini, nakushauri uanzie hapa.

Marsabit nayo haina kitisho tena. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500 za lami, kwenye njia ambayo zamani magari yalikwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi na abiria wakikaa juu ya mizigo ya lori kwa siku kadhaa. Gari dogo linafika Marsabit, linaingia mjini, linapata fundi na mafuta. Lodwar ni mbali zaidi kwetu, kupitia Eldoret, Kitale na Kapenguria. Kutoka Lokichar kwenda juu barabara ilijengwa upya, lakini kabla ya hapo, hasa sehemu za Kainuk, ulizia madereva wa mabasi ya Kitale hali ilivyo wiki hiyo. Wao wanapita kila siku na hawana sababu ya kukudanganya.

Gari kubwa linahitajika pale lami inapoisha. Kutoka Maralal kwenda Baragoi, South Horr na hatimaye Loiyangalani kando ya ziwa ni zaidi ya kilomita 200 za mawe, mchanga na laga, yaani mito mikavu ambayo mvua ikinyesha milimani huko mbali inajaa kwa dakika chache huku juu yako jua linawaka. Karibu na ziwa mawe ni meusi, ya volkano, yenye makali ya kupasua tairi ubavuni mahali ambapo hakuna kiraka kinachoshika. Hapo sitamshauri mtu yeyote aende na gari la chini, hata kama jirani alikwenda akarudi salama. Kuna njia nyingine ya kufika ziwani, kutoka Laisamis iliyo kwenye barabara kuu ya Marsabit. Mradi wa umeme wa upepo wenye mitambo 365 ulitengeneza kilomita 208 za barabara ili kupitisha vyuma vyake. Ni ya changarawe, na kwa gari lililoinuka kidogo ni nafuu kuliko kupasua mawe ya Baragoi. Hata hivyo si lami, na fundi yuko mbali.

Sasa tuingie kwenye pesa. Chukua kalamu kama unayo karibu. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu. Wewe weka zile utakazotajiwa.

Tuseme mko wanne na mnataka kwenda Loiyangalani na kurudi kwa siku tano. Mnakodi Prado hapa Nakuru kwa shilingi 12,000 kwa siku: hiyo ni 60,000. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 900, na Prado kwenye barabara hiyo itakunywa lita 120 au zaidi. Kwa shilingi 180 kwa lita, mafuta ni 21,600. Mmefika 81,600 kabla ya kula, kabla ya kulala, na anayeendesha ni mmoja wenu ambaye hajawahi kuvuka laga. Ongezeni pesa za dhamana alizoshikilia mwenye gari.

Njia ya pili. Mnapanda matatu ya Nyahururu, mnabadilisha, mnaingia Maralal jioni. Tuseme nauli ni 1,500 kwa mtu kila upande: kwa watu wanne, kwenda na kurudi, 12,000. Maralal kuna watu wanaokodisha Land Cruiser zile ngumu za nyuma ndefu, pamoja na dereva. Mnaichukua kwa siku tatu tu, siku za barabara mbaya. Kwa 12,000 kwa siku ni 36,000. Mafuta ya kilomita 460 ni lita 66 hivi; kwa kuwa bei huko iko juu, hesabu 190 kwa lita, ni kama 12,500. Dereva mpe 2,000 kwa siku kwa chakula na malazi, 6,000. Jumla ni 66,500. Mmeokoa zaidi ya 15,000. Mmepata dereva anayejua kila kona, na hakuna hata mmoja wenu aliyeweka sahihi ya kulipa bampa la mtu. Tena siku ya kwanza na ya mwisho hamkulipia gari la gharama kubwa kukimbia kwenye lami.

Kuna wanaochanganya njia hizi mbili kwa kukodi gari dogo Nakuru, kuliacha Maralal hotelini, na kuchukua Land Cruiser pale. Kama mna watoto wadogo na mizigo mingi, sawa. Lakini kumbukeni kwamba gari lililoegeshwa linaendelea kulipiwa kila siku, na kulipia magari mawili kwa wakati mmoja kunameza akiba yote.

Mafuta nimeyataja juu juu, na yanahitaji neno zaidi. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi, EPRA, inatangaza bei mpya zinazoanza usiku huo. Bei inapanda kadiri mji unavyokuwa mbali na Mombasa. Kwa hiyo jaza tangi Nakuru au Nyahururu, ujaze tena Maralal, na baada ya hapo usitegemee kituo. Loiyangalani mafuta mara nyingi yanauzwa kwa mitungi, kwa bei anayoamua aliyeyabeba.

Tuje kwa mkataba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nafuu inapogeuka kuwa deni la mwaka mzima.

Hapa Nakuru wenye magari ya kukodisha ni wa aina mbili. Wapo wenye ofisi na karatasi, na wapo watu binafsi walionunua gari kwa mkopo na wanataka lijilipie. Hao wa pili ndio wenye bei nafuu, na wengi ni watu waaminifu kabisa. Shida ni bima. Kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria zetu, kila gari barabarani lazima liwe na bima ya kumfidia mtu mwingine atakayeumizwa. Lakini bima iliyokatwa kwa matumizi ya kibinafsi, gari likitumika kwa kukodishwa, inaweza kukataa kulipa. Ajali ikitokea Rumuruti, kampuni ya bima itauliza nani alikuwa akiendesha na alilipataje gari, na jibu lako la kweli ndilo litakalofunga mlango. Kwa hiyo usitosheke na kuambiwa kwamba bima iko. Omba cheti, soma kimeandikwa matumizi gani, na uulize kama kuna bima kubwa inayolipa hata gari lenyewe. Kisha uliza wewe utatoa kiasi gani mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Kiasi hicho kwa Prado kinaweza kuzidi gharama ya safari yote.

La pili ni kilomita. Mikataba mingi ina kikomo, tuseme kilomita 200 kwa siku, na kila kilomita ya ziada ina bei yake. Nimesema Nakuru hadi Maralal ni 220. Umevuka kikomo siku ya kwanza hata kabla hujashusha begi. Uliza mapema, na mkubaliane jumla ya kilomita za safari nzima badala ya za kila siku.

La tatu ni ukweli, nami nalisema kwa upendo. Usimwambie mwenye gari unaenda Nanyuki ilhali unaenda Baragoi. Najua kwa nini watu wanadanganya; wanaogopa bei itapanda au watakataliwa. Lakini tumwelewe mwenye gari. Katika nchi hii magari ya kukodi yamechukuliwa na watu wakayaweka rehani kwa wakopeshaji, mwenyewe akabaki anazunguka vituo vya polisi na mkopo wa benki unasonga. Ndiyo maana anaweka kifaa cha kufuatilia gari, na baadhi ya vifaa hivyo vinaweza kuzima injini kwa simu. Fikiria mtu aliyeketi Nakuru anaona gari lake linaelekea asikokubali, anaamini limeibwa, analizima. Nyinyi mko njiani karibu na Baragoi, maji ni chupa mbili. Afadhali akatae mapema, mtafute gari jingine.

Kabla ya kuondoka, lizungukeni gari pamoja na mwenyewe, mkipiga picha kila mkwaruzo, tairi zote tano, kioo, na kipimo cha mafuta. Fungua buti uone jeki ipo na spana yake inafungua nati za gari hilo. Tairi la spea liguse kwa mkono wako. Haya ni mambo ya nusu saa, na mwenye gari mwaminifu hatachukia.

Tuje kwa dereva. Tangu mwaka 2021 mashindano ya dunia ya Safari Rally yamekuwa yakifanyika hapa kwetu Naivasha, na vijana wengi wameyaona yale magari yakiruka kwenye vumbi la Soysambu na Elmenteita wakaamini kwamba barabara mbaya inashindwa kwa mguu mzito. Wasichokiona ni siku za kabla ya mashindano, wakati madereva haohao wanapita njia nzima polepole, msaidizi akiandika kila kona na kila jiwe. Dereva wa Maralal ameifanya kazi hiyo kwa miaka. Anajua laga ipi inavukika baada ya mvua ya jana na ipi ya kusubiri mpaka kesho. Anaongea Kisamburu, mara nyingi na Kiturkana, na mkikuta wazee wenye silaha wakichunga ng'ombe, atawasalimu inavyostahili. Kwa pesa hiyo hiyo ya gari mnapata mwenyeji.

Usalama siwezi kuuruka. Februari 2023 serikali ilitangaza operesheni ya usalama katika kaunti sita za upande huu, ikiwemo Samburu, Baringo, Laikipia na Turkana, kwa sababu ya wizi wa mifugo uliokuwa ukiua watu. Novemba 2012 maafisa wa polisi zaidi ya arobaini waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi. Hayo ni majonzi ya watu wa huko kabla ya kuwa hofu ya mgeni. Kuna majira njia ni shwari kabisa, na kuna wiki ambayo hata mwenyeji hatoki. Piga simu siku mbili kabla, kwa hoteli unayokwenda kulala na kwa kituo cha polisi. Ukiambiwa ngoja, ngoja. Na usisafiri usiku, hata kwenye lami, kwa sababu ngamia hawana taa.

Kuhusu majira, epuka Aprili na Mei, na uwe mwangalifu kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba. Januari, Februari, na ile likizo ya Agosti ni wakati mzuri.

Nimalizie na ombi kwa serikali za kaunti, Nakuru na Samburu pamoja. Mtu wa hapa akitaka kukodi gari Maralal, leo anategemea namba aliyopewa na binamu wa rafiki. Dereva mzuri wa Maralal naye anakaa wiki nzima bila mteja huku familia Nakuru ikiamini kwamba bila dola haiendi. Ofisi ya utalii ya Samburu ingeweza kuweka orodha ya magari na madereva waliosajiliwa, yenye bei kwa shilingi, kwa siku na kwa kilomita, pamoja na gari gani linafika wapi. Karatasi moja ingebandikwa kwenye stendi ya Nyahururu, nyingine kwenye stendi kuu hapa Nakuru, na nakala ingesomwa redioni kila mwezi baada ya bei ya mafuta kutangazwa. Kama kuna afisa wa kaunti anayenisikiliza asubuhi hii, orodha hiyo ailete hapa studio, nami nitaisoma.